Pindo na Mchungaji Orodha

Ka!

Goti la kulia hilo. Bi Pindo alifumbua macho gizani akasubiri. Likafuata la kushoto, ka!, kama kijiti kikavu kilichokanyagwa, na nyuma yake mguno mdogo wa mzee anayejibembeleza kufika sakafuni. Baba yake alikuwa amepiga magoti. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo hata jogoo wa jirani alikuwa bado anajishauri.

Ukuta kati ya vyumba vyao ulikuwa mwembamba, na maombi ya baba aliyajua kama alivyojua njia ya jikoni. Shukrani kwanza. Kisha wagonjwa. Kisha wajane, na kwa miaka mitatu sasa yeye binti yake ndiye aliyekuwa mbele ya foleni hiyo. Kisha ulimwengu, nchi baada ya nchi, bila haraka. Si bure mji mzima ulimwita Mzee Kila Mtu. Katika miaka arobaini ya uchungaji wake hakupata kumaliza mahubiri bila kusema kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya kila mtu, kila mtu amealikwa, na kila mtu lazima ajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Washirika wakicheka, naye hucheka nao, halafu huyasema tena.

Alfajiri ile, alipomaliza wagonjwa, hakwenda moja kwa moja kwa wajane.

"Na yule kijana, Bwana," sauti yake ikashuka. "Mshike moyo wake. Mgeuze. Hata kama hataki, wewe mgeuze tu."

Bi Pindo alijifunika shuka usoni ili asicheke, akashtuka kuona shuka limelowa. Ubavuni mwake binti yake wa miaka sita, Kasuku, alijigeuza akamkumbatia bila kuamka.

Yule kijana alikuwa mchungaji msaidizi wa kanisa la baba yake. Wiki tatu tu zilizopita alikuwa pia mchumba wake, na tarehe ya harusi ilikwisha tangazwa. Ndipo akapanda mimbarani Jumapili moja akafundisha yale aliyokuwa akiyasoma kimya kimya tangu chuoni, mafundisho ya Kalvini: kwamba Mungu aliwachagua walio wake kabla dunia haijaumbwa, na hakuna awezaye kumjia asipovutwa naye. Alifundisha kwa upole, jasho likimtiririka shingoni, lakini upole haukumwokoa. Mama mmoja wa kwaya alisimama katikati ya ibada akauliza, "Samahani mchungaji, hiyo orodha imebandikwa wapi, twende tukaangalie majina?" Kanisa likaangua kicheko. Toka siku hiyo akawa Mchungaji Orodha.

Bi Pindo hakucheka. Alikuwa akimfikiria baba wa Kasuku.

Marehemu alikuwa fundi umeme, mtu wa utani, mwenye mabega mapana na moyo mwepesi. Kila Jumapili alimsindikiza mkewe hadi lango la kanisa, akabaki nje na mtoto begani. Mzee Kila Mtu akimwita ndani, alijibu, "Wiki ijayo, mzee wangu, wiki ijayo!" Mpaka siku aliyoanguka kutoka juu ya nguzo. Alilala hospitalini siku kumi na moja bila kufumbua jicho wala kutamka neno. Siku ya kumi na mbili hakukuwa tena na wiki ijayo.

Basi mwanamke aliyezika mume wa namna hiyo akisikia kwamba wapo waliochaguliwa, ataacha kuuliza kuhusu wasiochaguliwa? Jioni ile ile Bi Pindo alimwambia mchumba wake langoni, "Usinifuate." Baba naye akaongeza lake: "Binti yangu haolewi na mtu anayefunga mlango ambao Bwana ameuacha wazi."

Na leo ndiyo leo. Jumamosi hii saa nne wachungaji watatu wangeketi katika sebule ile. Wabaptisti hawana askofu wa kuwaamulia. Wachungaji hupendekeza, na Jumapili washirika huinua mikono. Kijana asipoyafuta maneno yake, hatawekewa mikono ya uchungaji, atafungasha vitabu vyake na kuondoka. Na akiondoka, ndoa itakuwa imekufa moja kwa moja.

*

Saa tatu na robo alibisha mlango wa chumba cha kushonea.

"Hodi."

"Karibu. Kanzu yako ipo msumarini pale."

"Sikuja kwa ajili ya kanzu."

"Basi umepotea, mchungaji. Hapa ni kwa fundi."

"Pindo..."

"Bi Pindo. Mtoto anasikia."

"Sisikii," alisema Kasuku kutoka chini ya meza, alikokuwa akipanga vichuma vidogo mistari miwili.

Bi Pindo aliuma mdomo. Vichuma vile ndivyo vilivyowakutanisha. Kazi yake ilikuwa kushona kanzu za ubatizo, na siri ya kanzu ya ubatizo ni pindo lake: fundi hushonea humo vichuma vya uzito ili mtu akiingia kwenye birika, nguo izame naye, isipande ikamwaibisha. Kijana huyu, na miaka yake minne ya chuo, alipopewa kanzu ya kwanza alivikuta vichuma, akadhani fundi amevisahau, akavitoa kimoja kimoja kwa wembe na kumrudishia katika bahasha yenye barua ya shukrani kwa uaminifu! Jumapili hiyo kanzu ilimpanda majini hadi makwapani kama mwavuli. Kwaya ilishindwa kumaliza ubeti. Kesho yake alikuja kuomba radhi, akamkuta fundi anacheka hadi machozi, naye akacheka. Akaanza kumwita Pindo, na mji ukafuata.

"Vaa basi," alisema Bi Pindo. "Nimeshusha upindo vidole viwili. Nataka kuona kama umekaa sawa."

Alivaa. Akasimama juu ya kigoda, mikono ikining'inia kama mtoto anayepimwa sare ya shule. Bi Pindo akapiga magoti, pini nne mdomoni, akaanza kuzunguka pindo. Alishukuru kuwa na zile pini. Mtu mwenye pini mdomoni haulizwi mbona hasemi.

"Umekonda," kijana alisema kutoka juu.

"Mm."

"Hulali."

"Mm-mm."

"Mimi pia silali."

Mkono wake uligusa kifundo cha mguu wa kijana kwa bahati mbaya. Au tuseme ukweli, kwa bahati nzuri. Wote wawili walitulia. Joto la kiganja kimoja kwenye mfupa mmoja, basi, lakini Bi Pindo alisikia mapigo ya moyo wake hadi kwenye ncha za pini. Mapenzi ni kikohozi, walisema wa kale, na yeye kifua kilikuwa kinamwasha wiki tatu nzima.

"Leo watanitaka niseme kwamba nilikosea," kijana aliendelea taratibu. "Neno moja tu. Nikilisema, nabaki na kanisa na wewe nakupata. Nimelijaribu mbele ya kioo, Pindo. Nimelijaribu kwa sauti kubwa na kwa kunong'ona. Halikutoka. Na kama ningekudanganya ili nikuoe, ungekuwa umeolewa na nani?"

Bi Pindo alitoa pini mdomoni, moja, ya pili, ya tatu, ya nne, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Akainua uso. Lo, macho yale! Mekundu kwa kukosa usingizi, lakini hayakumkwepa.

"Nina swali langu moja," alisema. "Ila sitakuuliza hapa. Hapa utanijibu kama mchumba. Nataka unijibu kama mchungaji, mbele ya wenzako."

"Uliza popote."

"Hata likikuponza?"

"Pindo, mimi nimeshaponzeka tangu siku ya mwavuli."

Kutoka chini ya meza kikasikika kicheko cha mtu asiyesikia.

*

Sebuleni, mchungaji wa tatu alikwisha fika. Alikuwa mnene, mcheshi, na miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja. Waliomjua walimwita Miwani, na yeye aliitika.

"Mimi nimeitwa kusuluhisha na kunywa chai," alitangaza akijitupa kitini. "Nikishindwa la kwanza, la pili sitashindwa. Haya, mzee, anza."

Mzee Kila Mtu alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. "Kijana, sina maneno mengi. Kristo alikufa kwa ajili ya kila mtu. Ndiyo au hapana?"

"Baba, kufa kwake kunamtosha kila mtu. Lakini hakufa kwa kubahatisha. Aliwajua aliowafia."

"Nimekuuliza ndiyo au hapana, unanipa ndiyo yenye mkia!"

"Mkia huo," Miwani alisema, "ndio uliowagombanisha Wabaptisti karne na karne. Tusitegemee kuukata kabla ya chakula cha mchana."

"Hapana, ngoja." Mzee alisogea mbele. "Niambie. Kila Jumamosi nakuona sokoni, mlango kwa mlango, unasihi watu kama muuza maji. Kama wameshachaguliwa, unasihi nini? Si watakuja wenyewe?"

"Nasihi kwa sababu siwajui, baba. Mimi sikupewa orodha. Ndiyo maana nagonga milango yote."

"Basi unahubiri kama mimi."

"Ndiyo, baba. Na wewe unaomba kama mimi."

"Naomba vipi kama wewe?"

Bi Pindo alikuwa mlangoni na sinia la chai. Ulimi ulimtangulia kabla hajaamua kusema. "Alfajiri, baba. Umemwambia Mungu amgeuze hata kama hataki."

Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili auone vizuri uso wa mzee. Mzee Kila Mtu alitazama dari. "Nyumba hii," alisema hatimaye, "kuta zake ni za karatasi."

"Nisamehe, baba. Lakini na mimi nina la kuuliza."

"Mwanangu, hiki ni kikao cha wachungaji," Miwani alianza kwa upole.

"Muache," alisema mzee. "Yeye ndiye kikao chenyewe."

Bi Pindo aliliweka sinia mezani. Akasimama mbele ya kijana, akamwangalia kama mtu anayeangalia daktari mwenye karatasi ya majibu.

"Baba wa mtoto wangu alikufa hajaingia kanisani hata siku moja, ila siku ya jeneza lake. Hakubatizwa. Hakuungama. Nataka kujua, mchungaji. Kwa mafundisho yako, yeye hakuwamo? Na huyu Kasuku, ukimtazama anakula mezani kwako, utamtazama kama mtoto wa mtu ambaye Mungu hakumtaka? Sema. Ukisema ndiyo, nitakushukuru kwa ukweli wako na nitakufungulia mlango utoke."

Kijana alifumba macho, akayafumbua. "Naomba nimwulize mzee kwanza. Si kwa kukwepa." Akageuka. "Baba, wewe unaonaje? Kwa mafundisho yako, yuko wapi?"

Bi Pindo alimgeukia baba yake akitegemea jibu la haraka, lile la kila mtu, lile lililomlea. Halikuja. Mzee alikuwa ameangalia mikono yake. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kikitetemeka peke yake.

"Usiniulize hilo," alisema.

"Baba?"

"Nilimwita mara ngapi, mama? Wiki ijayo, wiki ijayo. Mlango ulikuwa wazi, na mtu lazima aingie mwenyewe." Alimtazama binti yake. "Hujui nilichokifanya kule hospitalini. Ulikuwa ukienda nyumbani kumnyonyesha... hapana, alikwisha acha kunyonya. Kumwogesha mtoto. Mimi nilibaki. Nilitia kidole changu kwenye kiganja chake nikamwambia, mwanangu, kama unamkubali Bwana, binya. Binya kidogo tu, Mungu atakuelewa. Siku kumi na moja. Asubuhi na jioni. Nilimsihi kwa maneno yote niliyo nayo."

"Hakubinya," alisema Bi Pindo.

"Hakubinya. Na mimi miaka yote hii nahubiri kila mtu, kila mtu, na nikishuka mimbarani najiuliza, pengine sikusema vizuri. Pengine lilikuwepo neno moja ambalo ningelisema angebinya. Neno gani, Bwana? Nimelitafuta mpaka leo."

Bi Pindo alishika ukingo wa kiti. Miaka mitatu ameishi nyumba moja na mzigo ule, kuta za karatasi na zote, na hakuwahi kuusikia.

Kijana alitoka kitini mwake. Hakusimama. Alichuchumaa mbele ya mzee kama mtoto anayemvua baba viatu, akakishika kile kidole.

"Baba, sikiliza. Mimi simweki mtu mbinguni kwa mdomo wangu, na wala simtoi. Sijui, na nikisema najua nitakuwa mwongo. Lakini kama wokovu wa yule ndugu ulisubiri nguvu za kubinya, basi hakuwa nazo. Madaktari wote wa dunia wasingempa. Mimi naamini Mungu ndiye anayeanza. Haombi ruhusa kwa mishipa iliyokatika. Anaingia pale ambapo sauti yako na yangu hazifiki. Siku kumi na moja, baba! Wewe uliziona ni siku za mtu asiyejibu. Mimi naona ni muda mrefu ajabu wa Mungu kukaa na mtu peke yao, hakuna anayewakatiza." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Na hukukosa neno. Halikuwa juu yako. Halikuwahi kuwa juu yako."

Mzee Kila Mtu alilia. Hakulia kama wachungaji wanavyolia mimbarani, wakijua kitambaa kiko mfuko gani. Alilia ovyo, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, na kidole chake kikabaki ndani ya kiganja cha kijana. Miwani akaigeukia chai, akaitia sukari, akaikoroga, akaitia tena.

Bi Pindo hakujua nani kati ya wawili wale aliyeyasoma Maandiko sawasawa. Yeye aliyesoma madarasa ya jioni tu, angejuaje? Alijua hili tu: alikuwa amemkimbia mtu akidhani amemfungia marehemu mlango, kumbe mtu huyo alikuwa amesimama usiku na mchana upande wa ndani akiushikilia usijifunge.

"Na Kasuku," kijana alisema bila kugeuka, kwani alijua yuko nyuma yake, "nikimtazama namwona Kasuku. Nitamfundisha kuomba, nitamfunga viatu, na nitamgombeza akimwaga maziwa. Nitampenda kwa sababu nimepewa. Kwangu, kupewa ndiko kuchaguliwa ninakokujua."

Mzee alijifuta kwa shati. Alipozungumza, sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini ukali kidogo ulikuwa umerudi, na Bi Pindo alifurahi kuusikia.

"Bado naamini umekosea."

"Najua, baba."

"Sikubaliani nawe hata nusu ya neno."

"Najua."

"Na kesho nitahubiri kila mtu, tena mara mbili."

"Nami nitasema amina, tena mara mbili."

Miwani alichomoa kalamu. "Sasa niandike nini? Kikao kimefikia wapi?"

"Andika hatukukubaliana," alisema mzee. "Halafu andika kwamba anaendelea. Washirika watainua mikono kesho, na wa kwanza utakuwa huu wangu. Mtu aliyeniondolea jiwe kifuani siwezi kumtoa mlangoni mwangu. Na ndoa nitaifungisha mimi, sitaki mtu mwingine. Ila mahubiri ya siku hiyo nitayachagua mwenyewe."

"Utayachagua?" Miwani alisema, kikombe mdomoni. "Mimi nilidhani siku hizi yanachaguliwa tangu kabla ya dunia."

Kijana alicheka kwanza. Mzee alijaribu kununa, ikamshinda. Kicheko cha wanaume watatu kilijaa sebule ile iliyokuwa imenuniana wiki tatu, na Kasuku akatoka chumba cha kushonea kuja kuangalia kuna nini.

Mzee Kila Mtu aliinua mkono, wakanyamaza.

"Nimesema ndoa kama vile ni yangu. Hilo silipigii kura mimi." Alimgeukia binti yake, na uso wake ukalainika kama ulivyolainika siku alipomshika kwa mara ya kwanza. "Mama. Huyu mtu unamtaka?"

Kijana alikuwa amesimama sasa. Kanzu nyeupe ilikuwa bado mwilini, maana katika haraka za asubuhi hakuna aliyekumbuka kumvua. Hakumsihi. Alimtazama tu Bi Pindo, macho kwa macho, na katika kutazama kule kulikuwa na kila asubuhi ambayo wangeweza kuamka pamoja.

Bi Pindo alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, fupi, tayari ulimini, lakini machozi yalikuwa yamelitangulia na kuiziba njia. Alijaribu tena. Akatikisa mkono kuwaomba wasubiri. Akacheka, akalia, na bado hakuna sauti iliyotoka, na wanaume watatu wenye maneno mengi kuliko kitabu wakabaki wamemkodolea macho bila kujua la kufanya.

Kasuku alipita katikati yao, akaushika mkono wa mama yake kwa mkono mmoja na upindo wa kanzu nyeupe kwa mwingine.

"Babu," alisema, "mama anampenda."